Zeze Moja Dhidi ya Kundi Zima

Ukitaka kujua mtu anasikiliza nini, usimuulize. Chukua kaseti yake uitazame mkanda umesimama wapi. Ukiwa umelala wote upande mmoja, huyo aliimaliza na kuirudisha mwanzo, mtu wa adabu zake. Ukiwa katikati, alikatizwa: betri zimekwisha, au mgeni kapiga hodi, au ng'ombe kaingia kwenye mtama. Na ukiona mkanda umelegea na kukunjamana sehemu moja tu, sehemu nyingine zote nzima, basi hapo ndipo mtu anaporudi kila siku. Mrudishie polepole. Umeshika moyo wa mtu.

Ninyi mnaopita hapa kwangu na vidude masikioni, nyimbo zenu hazina hata pa kukunjamana. Siwalaumu. Ila mliponiuliza juzi, "Bibi Minza, enzi zenu mlikuwa mnasikiliza nini?" mkategemea nitataja bendi za dansi na kwaya, nikawaambia tulikuwa na watu hapa Bariadi wanaosikiliza muziki wa Wazungu, ule wa mazeze mengi na matarumbeta, usio na mwimbaji hata mmoja, mkacheka mpaka mmoja wenu akamwaga chai. Haya. Jazeni chai nyingine.

Mimi nilikuwa fundi redio. Nilimaliza darasa la saba, nikakaa nyumbani nikiota kwamba siku moja nitakuwa ndani ya redio, nikisema "hii ni Dar es Salaam" na nchi nzima inyamaze. Mjomba wangu Shija, aliyekuwa na kibanda cha ufundi pembeni ya soko, akaniambia, "Ndani ya redio unataka? Njoo, nitakuingiza." Akanipa bisibisi.

Fundi Shija alipima betri kwa ulimi. Betri ile ya mraba, yenye vichwa viwili juu, anailamba kidogo, anafumba macho, anasema, "Nusu." Hakosei. Halafu zikaja siku za ruksa, biashara ikaachiwa huru, maduka yakajaa kila aina ya kitu kutoka kila nchi, betri zenye picha za simba, za tembo, za ndege. Mzee wa watu akapata tabu. Analamba, anakunja uso. "Hii ya wapi tena? Haina chumvi." Ilibidi ajifunze ladha upya, kama mtu aliyehamia kwa mkwe.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba redio haifi, inanuna. Na kazi ya fundi ni kutafuta nani kaiudhi. Mara nyingi ni vumbi. Unachukua pamba, nayo kwetu haijawahi kuwa shida, unailowesha spiriti kidogo, unafuta hedi, pale mkanda unapopita, taratibu kama unamfuta mtoto macho. Sauti inarudi. Mteja anadhani umefanya maajabu. Mwache adhani.

Sasa ule muziki ulikujaje? Kulikuwa na mzungu mmoja aliyekuwa akichimba visima huko vijijini. Alipomaliza kazi yake akauza vitu vyake kabla ya kurudi kwao: kitanda, sufuria, baiskeli, na boksi la kaseti ambalo hakuna aliyelitaka. Mjomba akalichukua akidhani atafuta na kurekodia juu yake nyimbo za harusi. Akaweka ya kwanza asikilize kama mkanda ni mzima. Nikamwona ameganda na bisibisi mkononi. Ikaisha, akageuza upande wa pili. Hakufuta hata moja.

Majina ya nyimbo hizo hatukuyajua. Mzungu yule aliandika kwa mkono, maandishi kama chungu waliokanyagwa, tena kwa lugha ambayo si Kiingereza. Hata Mwalimu Dotto wa shule ya msingi, aliyejua kusoma noti za kwaya, alizigeuza kaseti juu chini akazirudisha. Basi tukazibatiza wenyewe. Ile iliyoanza na ngoma za mbali ikaitwa Mvua Inatoka Dutwa. Ile ya kinanda peke yake, inayokwenda na kusita, kwenda na kusita, ni Mama Mkwe Yuko Mlangoni. Kulikuwa na Ng'ombe Wanavuka Mto, na nyingine ndefu sana ya huzuni tuliyoiita Pamba Imekosa Mnunuzi, na hiyo mkulima wa hapa alikuwa hahitaji kutafsiriwa.

Mjomba alipozeeka akaniachia kibanda na boksi, na kila siku ya mnada wapenzi wa boksi walikuja kwangu kubadilishana. Salamu zao zilikuwa za aina yake. "Mwangaluka mayu," umeamkaje mama, kisha haraka haraka, "Uko wapi siku hizi?"

"Niko kwenye Mvua Inatoka Dutwa. Upande wa pili."

"Aa, mimi nilishatoka huko. Nimeingia Mama Mkwe."

"Usiku hulali."

"Silali kabisa!"

Mtu anayepita alidhani ni makondakta wa mabasi.

Wapenzi wenyewe walikuwa wachache. Mwalimu Dotto nimeshamtaja. Wa pili ni Mzee Njile, mfugaji kutoka kijiji cha jirani, mjane, mrefu, aliyetembea na redio yake imening'inia shingoni kwa kamba kama kengele. Aliwapigia ng'ombe wake, na aliapa kwamba yule dume mwekundu hanywi maji mpaka asikie Ng'ombe Wanavuka Mto. Wa tatu ni Mama Holo, mjane pia, mfanyabiashara wa samaki kutoka Lamadi, ziwani, aliyekuja kila mnada na vikapu vyake vya dagaa na sangara wa kukausha. Yeye alisikiliza akigeuza dagaa juani, na kaseti zake zikirudi kwangu nilizijua kwa harufu kabla sijazitazama.

Tena kumbukeni, mkoa huu wa Simiyu ulikuwa bado. Bariadi tulihesabiwa Shinyanga, Lamadi ilihesabiwa Mwanza. Kwa hiyo Mzee Njile alipoanza kumtazama Mama Holo, alikuwa anatazama mkoa mwingine.

Alianza hivi. Mnada mmoja akafika, akaegesha baiskeli, akasema mbele ya watu wote, "Mama Holo, hamia kwangu. Nyumba ina bati. Maziwa yapo."

Mama Holo hakuacha hata kupanga samaki. "Na dagaa wangu nitawaanika wapi, mgongoni kwa ng'ombe?"

"Utaacha dagaa."

"Hamia wewe kwangu basi. Nyumba ina makuti, lakini upepo upo."

"Kule?" Mzee Njile alishtuka kweli. "Kule kuna maji!"

"Ziwa halina maji, lina nini?"

"Mimi samaki siwezi kumla, mama. Umemweka kwenye sahani, ananiangalia."

"Anashangaa," Mama Holo akasema. "Hajawahi kuona mtu mrefu hivyo anaogopa dagaa."

Soko lilicheka, lakini mimi nilikuwa naona. Mama Holo alipofunga vikapu alikuwa amemwekea Mzee Njile kaseti aliyoisikiliza wiki ile, imesimama pale pale alipotaka aanzie. Watu hawafanyiani hivyo bure. Kila mmoja alimtaka mwenzake, na kila mmoja alikuwa na miguu iliyoota mizizi kwao. Ikawa hivyo mnada hadi mnada.

Mpaka tulipofika kwenye ile kaseti.

Katika boksi ilikuwepo moja ambamo zeze moja linapiga na kundi zima linajibu. Fidla, wasomi wanaita. Sisi tulisema zeze. Zeze linasema jambo, kundi linalipokea kwa kishindo, zeze linapanda juu, kundi linalifuata. Sasa ninyi mnajua ngoma zetu. Kuna Bagika na kuna Bagalu, vyama viwili vya wapinzani, wanaingia uwanja mmoja, wanapiga na kucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wenyewe wanachagua wasimame wapi. Uliyekimbiwa na watu umeshindwa. Msukuma aliyelelewa kwenye uwanja huo, umsikilizishe mmoja dhidi ya wengi, unadhani atauliza nini?

"Nani anashinda?" Mzee Njile akauliza.

"Kwa ninavyojua mimi," Mwalimu Dotto akaanza, "hawa hawashindani. Wanasaidiana."

"Mwalimu, kasahihishe madaftari," Mama Holo akamwambia. "Hao wanagombana. Sikiliza. Na kundi ndilo linashinda."

"Zeze!"

"Kundi! Mmoja atawaweza wapi wote wale? Wana ngoma kubwa, wana tarumbeta."

Tukasikiliza. Karibu na mwisho, kundi zima likapiga kishindo kimoja, likanyamaza. Zeze likabaki peke yake uwanjani, likaanza kuzunguka, juu, chini, kama mchezaji aliyeachiwa duara. Likapanda, likapanda, halafu, tka! Redio ikajizima. Kaseti imefika mwisho.

Mzee Njile akaruka. "Wamekimbia! Mmesikia wenyewe, wamenyamaza! Zeze limebaki na uwanja!"

"Wamekwenda kunywa uji," Mama Holo akasema. "Watarudi."

"Hawarudi!"

"Watarudi. Na wakirudi, wewe mzee utahamia Lamadi."

Mzee Njile akauliza, "Na wasiporudi?"

Mama Holo akafuta mikono kwenye kanga. "Wasiporudi nakuja kwako. Na dagaa naacha."

Jamani, soko hilo lilivyogawanyika! Wabeba pamba wote wakawa zeze, kwa sababu wamezoea kubeba mzigo peke yao. Mama wauza maandazi wakawa kundi. Watu ambao hawajawahi kusikia muziki ule hata siku moja walisimama kibandani kwangu wakidai kusikia "pale wanapokimbia". Nikapiga mpaka betri zikalia. Kila mara, pale pale: zeze linapanda, tka! Tukajaribu kwenye redio ya Mzee Njile, tka. Mama Holo akaenda nayo Lamadi, akarudi nayo, tka kule kule. Mzee Njile akaanza kutembea kifua mbele. Akapaka nyumba yake chokaa.

Sasa hapa ndipo ufundi unapoingia, sikilizeni vizuri. Siku moja nilikuwa naifuta vumbi, nikaitazama kwenye kile kidirisha chake kidogo. Kwenye gurudumu la kushoto mkanda ulikuwa bado upo. Si mwingi, lakini upo. Watu wote tuliuona tukasema ni mkanda mtupu, maana mtu akirekodi mara nyingi hubakiza. Lakini redio haijui mkanda mtupu na mkanda wenye kitu. Inavuta tu mpaka uishe. Kwa nini hii isimame kabla?

Nikaitikisa. Kaseti nzima ukiitikisa sikioni inasema cha-cha-cha, magurudumu yamelegea yanacheza. Hii ikakaa kimya. Nikaiweka juu ya kioo: ikayumba kama chapati iliyovimba. Mtu aliiacha juani, labda yule mzungu mwenyewe kwenye gari lake, ganda likapinda. Mkanda ukiwa mchache kwenye gurudumu la kulia unapita. Ukijaa, unagusa ganda, unasuguana, unakwama, na redio inadhani safari imekwisha.

Kwa hiyo muziki ulikuwa haujaisha. Ulikuwa umekwama.

Nikawaambia wote watatu. Nikawaambia pia dawa yake: kulivunja ganda lile, maana lilikuwa la kugundishwa, halina skrubu, na kuuhamishia mkanda kwenye ganda jingine jipya. Na kwamba mkanda huo ni mwembamba kuliko ganda la kitunguu, ukikatika pale, hatutajua milele, maana nyingine kama hiyo hakuna.

Mama Holo akaniambia, "Minza, ukiukata, utanioa wewe."

Mzee Njile akapanda baiskeli yake akaenda zake. Ila siku iliyofuata, ambayo haikuwa hata ya mnada, akaja bila redio shingoni. Nikajua kuna jambo. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, magoti yamefika kidevuni.

"Mwanangu Minza. Hiyo kaseti ukiiacha ilivyo, si mimi nimeshinda?"

"Kwa hapo ilipo, umeshinda, baba."

"Basi iache."

Nikaweka bisibisi chini. Nilikuwa nampenda mzee yule, na nilijua alivyoogopa. Nyumba yake, makaburi ya watu wake, dume lake jekundu, vyote viko huku. Kule ni mchanga, na mawimbi, na samaki wanaotazama.

"Baba," nikamwambia, "umeshinda tangu kabla ya kuvuna pamba. Mama Holo amehamia?"

Akatazama njia ya Lamadi.

"Anasema anangoja mwisho," akasema.

"Hata mimi ningengoja."

Akasimama, akajikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. "Fungua," akasema. "Lakini mkono wako usitetemeke."

Vijana, kaseti ya kugundishwa inafunguliwa hivi. Usitumie nguvu. Chukua kisu chembamba, kiweke kwenye mshono, gonga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti, nyuma kidogo, kando kidogo, mpaka usikie imekohoa. Ifanyie kazi juu ya sinia, kwa sababu ndani kuna vigurudumu viwili na kijispringi chenye kipande cha sponji, na hivyo vikiruka vitaangukia Maswa. Funga mlango upepo usiingie. Kuku mtoe nje. Na kama una mafua, kazi hiyo mpe mwenzako. Mimi sikuwa na mwenzangu, nilibana pumzi. Ganda lilipofunguka, mkanda ulikuwa mzima, umekaa kama mtoto aliyelala. Nikauinua kwa vidole viwili, na magurudumu yake, nikaulaza kwenye ganda jipya la skrubu. Nikakaza. Nikatikisa sikioni.

Cha-cha-cha.

Sikuisikiliza. Naapa. Niliisubirisha mpaka mnada.

Siku hiyo hata walioleta mbuzi waliwafunga mbali wasilie. Mama Holo alikaa juu ya kikapu chake kilichofunikwa. Mzee Njile alisimama, mkono mmoja kwenye nguzo ya kibanda changu. Nikaweka betri mpya. Nikabonyeza.

Tuliisikia yote, hakuna aliyekohoa. Kundi likapiga kishindo chake, likanyamaza. Zeze likabaki. Likazunguka, likapanda, likafika pale. Nikaona watu wamefumba macho wakingoja ile tka.

Haikuja. Zeze likapita.

Likaendelea peke yake, mahali ambapo hatujawahi kufika, likashikilia sauti moja juu kabisa inayotetemeka kama bawa la nyuki. Na chini yake, polepole, wala si kwa kishindo, wakaingia. Mmoja, kisha wawili, kama watu waliochelewa kanisani. Halafu wote.

"Wamerudi!" Mama wauza maandazi walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. "Wamerudi hao!"

Zeze nalo halikunyamaza. Lilikimbia ndani yao, nao wakalibeba, wakamaliza kwa pamoja kishindo kimoja, kisha ndani ya kaseti tukasikia watu wengi sana wakipiga makofi.

Ugomvi ukaanza upya. "Wanampigia nani makofi?" "Zeze!" "Kundi, hukusikia?" Mwalimu Dotto akainua kidole, akafungua mdomo, watu watatu wakamwambia, "Madaftari!"

Mzee Njile hakugombana. Alikuwa bado ameshika nguzo.

Mama Holo akanyanyuka, akaenda mpaka mbele yake, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu. "Mzee, zeze halikushindwa. Umesikia. Hili silihesabu. Kaa na ng'ombe wako, mimi nitaendelea kuja siku za mnada kama kawaida."

Mzee Njile akatikisa kichwa.

"Nilisema wamekimbia," akasema. "Kumbe walinyamaza ili walisikie zeze." Akafikiri. "Na kurudi, hakuna aliyewaita. Wamekuja wenyewe."

Halafu akavua redio shingoni, kamba na yote, akaiweka mezani kwangu.

"Minza, nifungie hii vizuri. Kwenye nailoni, mara mbili. Nasikia kule kuna maji."

Mama Holo akaziba mdomo kwa kanga, na mabega yake yakaanza kucheza.

"Redio tu?" akasema alipoweza kusema. "Na lile dume jekundu, nalo tulifunge nailoni?"